Mafuta kwenye ini si ya tui la nazi peke yake

Hapa Tanga, mtu akiambiwa ini lake lina mafuta, kwanza huacha wali wa nazi. Soda na chai ya sukari tele vinabaki mezani. Inaaminika kuwa mafuta yaliyoliwa huenda moja kwa moja kukaa kwenye ini.

Sivyo. Ini lenyewe hutengeneza mafuta, tena kutokana na sukari. Ukila wanga mwingi, insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, hupanda na kukiamsha kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kiitwacho asetili-KoA kaboksilasi. Hicho huzalisha malonili-KoA, malighafi ya asidi za mafuta. Ajabu ni kwamba malonili-KoA hiyohiyo hukizuia kimeng'enya CPT1, bawabu anayepitisha mafuta kuingia mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, yakachomwe. Yaani ini likishika kutengeneza mafuta, hupunguza kuyachoma. Ukifunga au ukifanya mazoezi, kimeng'enya kingine, AMPK, hukizima kile cha kwanza.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kwa wagonjwa wachache wenye tatizo hili ulikuta takriban asilimia 59 ya mafuta ya ini yametoka kwenye akiba ya mwili, 26 yametengenezwa na ini, na 15 tu yametoka kwenye mafuta ya chakula. Nazi ina kalori nyingi, sikatai, na zikizidi huongeza hiyo akiba.