Testosteroni nyingi na saratani ya tezi dume
Wazee wengi huamini kwamba mwenye testosteroni nyingi, yaani homoni kuu ya kiume, ndiye atakayeugua saratani ya tezi dume. Dhana hii haikuzuka hewani. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins, huko Chicago, alionyesha kuwa kuondoa korodani, zinazotoa homoni hiyo, hufifisha saratani iliyokwisha kusambaa. Mwaka 1966 akapewa Nobel. Hilo ni kweli hadi leo. Kosa ni kuligeuza, na kudhani kuwa homoni nyingi huleta saratani. Uchambuzi wa tafiti 18 uliochapishwa mwaka 2008 haukuona uhusiano kati ya wingi wa testosteroni katika damu na hatari ya kuugua. Inaelekea tezi hutosheka mapema kwa homoni kidogo, kama sifongo iliyolowa isiyonyonya maji zaidi. Tena homoni hiyo hupungua uzeeni, wakati saratani ndiyo inaongezeka! Aliyekwisha kuugua, lakini, asitumie testosteroni kama dawa bila daktari wake.