Kipchoge wa semina na Kipchoge wa Kaptagat

Semina za uongozi siku hizi haziishi bila picha ya Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, ukutani. Anakimbia huku anatabasamu, na mtoa mada anatuhimiza tuongeze bidii. Nimekalia viti vya semina hizo mara nyingi, na nina hakika tunamsoma vibaya.

Dhana: Bingwa hujikamua kila siku.

Katika kambi yake ya mazoezi huko Kaptagat, karibu na Eldoret, siku ngumu ni tatu tu kwa wiki. Jumanne ni uwanjani, Alhamisi ni mbio ndefu za kilomita 30 hadi 40, Jumamosi ni fatleki, yaani kukaza na kulegeza kasi. Siku zilizobaki wanakimbia taratibu, wengine wakipiga soga njiani, na mchana wanalala. Kipchoge mwenyewe amesema mara kadhaa kwamba mazoezini hamalizi nguvu zake. Anaziwekea siku ya mashindano. Sasa mtazame mkuu wa idara anayetuma ujumbe saa tano usiku wa Jumapili, halafu Jumatatu anauliza kwa nini watu wamepooza. Wiki yake nzima ni Jumanne.

Dhana: Alikimbia marathoni chini ya saa mbili peke yake.

Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, alimaliza kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Alizungukwa na wadhibiti kasi 41, yaani wakimbiaji wa kumwongoza kwa kasi iliyopangwa, waliopokezana kwa makundi: watano mbele wamejipanga kama herufi V kumkinga upepo, wawili nyuma. Mbele yao gari lilimulika miale barabarani kuonyesha kasi inayotakiwa, na vinywaji vililetwa kwa baiskeli. Ndiyo maana muda ule hauhesabiwi kama rekodi ya dunia.

Mimi huwatazama zaidi hao 41. Alikuwepo Bernard Lagat, bingwa wa dunia wa mwaka 2007 katika mita 1,500 na mita 5,000. Mtu wa hadhi hiyo alikubali kukimbia vipande vya mbio za mwenzake, bila medali. Walipokaribia mwisho walijitenga, wakamwachia njia, wakabaki nyuma wanamshangilia. Ofisini kwetu, nani angekubali kazi ya kukinga upepo? Na aliyekubali, nani angemkumbuka wakati wa kupandishwa vyeo?

Dhana: Mkubwa hashiki ufagio.

Kambini kuna zamu za usafi, na bingwa huyu wa Olimpiki mara mbili amesafisha vyoo kama wenzake. (Tafadhali, bosi, usiige hili siku mpiga picha akiwepo.)

Dhana: Mstahimilivu haachi kamwe.

Hapa hutolewa mfano wa John Stephen Akhwari wa Tanzania. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, 1968, alianguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji na kuendelea. Aliingia uwanjani kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni kisa kikubwa, sikipunguzi hata chembe. Lakini wasimulizi wengi huishia mlangoni pa uwanja, wakamwacha mzee wa watu akichechemea milele. Hawasemi kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano kwa saa 2:15 na ushei. Goti lilipewa nafasi ya kupona.

Na Kipchoge? Mwaka 2012 alikosa nafasi katika kikosi cha Kenya cha Olimpiki ya London. Hakung'ang'ania mita 5,000, mbio zake za uwanjani. Alihamia barabarani, na mwaka 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg. Kisha katika Olimpiki ya Paris, 2024, akiwa na miaka 39, mgongo ulimkaza. Baada ya kilomita 30 alisimama, akavua viatu na fulana, akawagawia mashabiki pembeni mwa barabara. Mwaka uliofuata alikimbia London, Sydney na New York.