Sauti hutangulia picha: dhana potofu kuhusu utengenezaji wa msimu wa katuni ya vichekesho

Tarehe 17 Desemba 1989 kituo cha Fox nchini Marekani kilirusha sehemu ya kwanza kamili ya The Simpsons, katuni ya vichekesho kuhusu familia ya Simpson, na tangu siku hiyo haujapita mwaka bila sehemu mpya za mfululizo huo. Mwezi Aprili 2018 zilifika sehemu 636, zikaipita Gunsmoke, iliyokuwa imeshika kwa miongo kadhaa rekodi ya mfululizo wa kuigiza wenye sehemu nyingi zaidi katika saa kuu za jioni za televisheni ya Marekani. Umri mrefu kiasi hicho ungetarajiwa kuwafanya watazamaji waifahamu kazi yenyewe, lakini mengi yanayosemwa kuhusu namna msimu mmoja unavyotengenezwa hayana ukweli, na mara nyingi husemwa na watu wanaoipenda sanaa hii kwa dhati. Kwa sababu hiyo ninaona inafaa kuyapitia, nikitumia zaidi mfano wa The Simpsons, ambao watengenezaji wake wameieleza kazi yao hadharani kwa miaka mingi.

Kwamba picha huchorwa kwanza, kisha waigizaji huziwekea sauti

Kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Wengi wetu tumezoea katuni zilizotafsiriwa, ambazo mwigizaji hutazama picha iliyokwisha kukamilika na kujitahidi kuyalinganisha maneno yake na midomo ya mhusika. Hata katuni nyingi za Japani, katika lugha yake yenyewe, hurekodiwa sauti baada ya picha. Vichekesho vya katuni vya Marekani hufuata mpangilio wa kinyume, na sababu yake imo ndani ya kichekesho chenyewe. Utani husimama au huanguka kwa muda: kimya kifupi kabla ya jibu, pumzi inayovutwa katikati ya neno, sauti inayopanda pasipotarajiwa. Mchoraji hawezi kujua nyusi za mhusika zipande lini mpaka asikie hayo yote, kwa hiyo hupewa sauti iliyorekodiwa na kuhaririwa, na mkono wake huifuata.

Kabla ya kurekodi, waigizaji huketi na waandishi kuuzunguka mswada na kuusoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Usomaji huu ndio mtihani wa kwanza wa kweli wa kila sehemu, kwa kuwa waandishi husikia pale watu wanapocheka na pale ukimya unapotanda, kisha hurudi kuandika upya. Waigizaji wakuu ni sita tu: Dan Castellaneta, Julie Kavner, Nancy Cartwright, Yeardley Smith, Hank Azaria na Harry Shearer, na baina yao wamebeba sauti nyingi za mji mzima wa katuni hiyo. Bwana Burns, tajiri wa mji huo, anapomwamuru msaidizi wake Smithers, anayezungumza pande zote mbili, katika misimu iliyo mingi, ni Shearer mmoja. Bart naye, mtoto wa kiume wa familia hiyo, ambaye watu wasiojua hudhani ni sauti ya mvulana, ni Cartwright, mwanamke aliyekwenda kujaribiwa kwa nafasi ya Lisa mwaka 1987 akaomba asome maneno ya Bart, kaka yake Lisa. Uamuzi ule ulikuwa na faida ambayo ilidhihirika zaidi kadiri miaka ilivyopita, kwa sababu mtoto wa kweli angebalehe na sauti yake ingevunjika ndani ya misimu michache.

Kwamba msimu hutengenezwa sehemu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio tunaouona

Hapa ndipo neno lenyewe "msimu" linapotupotosha. Tukilisikia tunafikiri juu ya shamba linalolimwa, kupandwa na kuvunwa kwa pamoja, ilhali msimu wa katuni unafanana zaidi na mashamba ishirini na kitu yanayolimwa na watu walewale kwa wakati mmoja, kila moja likiwa katika hatua yake. Sehemu moja ya The Simpsons huchukua takriban miezi tisa tangu wazo likubaliwe hadi siku ya kurushwa. Kama watengenezaji wangeikamilisha moja ndipo waanze nyingine, msimu mmoja wa sehemu 22 ungehitaji zaidi ya miaka kumi na sita. Kwa hiyo katika wiki yoyote ile ya kazi utakuta mswada mmoja unaandikwa upya, mwingine unasomwa mezani, wa tatu unarekodiwa, sehemu kadhaa ziko kwa wachoraji, nyingine zimesharudi na rangi zake zinakaguliwa, na moja inawekewa muziki ili irushwe karibuni. Mtayarishaji mkuu anayeongoza uandishi hana budi kuzishika zote kichwani, na ninaamini ugumu mkubwa wa kazi yake umo humo, katika kuhama kutoka utani ambao haujazaliwa hadi utani ambao tayari umegharimu fedha nyingi na haubadiliki kwa urahisi.

Kila sehemu hupewa namba ya utengenezaji, na anayezifuatilia namba hizo hugundua upesi kwamba mpangilio wa kurushwa hewani haulingani nazo. Msimu wa The Simpsons huanza mara kwa mara na sehemu zilizobaki kutoka kundi la utengenezaji la mwaka uliotangulia. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa msimu wa kwanza kabisa. Sehemu iliyokusudiwa kufungua mfululizo, "Some Enchanted Evening", iliporudi kutoka Korea Kusini mwaka 1989 ilikuwa na uchoraji mbovu kiasi kwamba karibu asilimia 70 yake ililazimika kufanywa upya. Majengo na milango ilipinda kama iliyotengenezwa kwa mpira, wakati waanzilishi walitaka dunia yenye uzito na mipaka ili vituko vya watu waliomo vionekane kweli kuwa vituko. Uzinduzi ukaahirishwa kutoka majira ya vuli hadi Desemba, sehemu ya Krismasi ikatangulizwa, na ile iliyopaswa kuwa ya kwanza ikaonekana mwezi Mei 1990, ikiwa ya mwisho katika msimu wa sehemu 13.

Kutangulia huku kwa kazi kwa miezi mingi ndiko kunakoeleza pia jambo lililowachanganya watazamaji mwaka 2023. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma kuanzia tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba, na vipindi vingi vya kuigizwa na watu havikuwa tayari kurudi vuli ile, lakini msimu wa 35 wa The Simpsons ulianza tarehe 1 Oktoba kama kawaida. Baadhi walidhani waandishi wake hawakugoma, au kwamba katuni haihitaji waandishi. Ukweli ni kwamba miswada ya sehemu zile ilikuwa imeandikwa muda mrefu kabla ya mgomo.

Kwamba yote ni kazi ya mtu mmoja mwenye kipaji

Jina la Matt Groening linajulikana duniani kote, na ni haki yake, kwa kuwa ndiye aliyewabuni wahusika kwa ajili ya michoro mifupi iliyokuwa ikionyeshwa ndani ya kipindi cha mchekeshaji Tracey Ullman kuanzia mwaka 1987. Hata hivyo, mfululizo wa nusu saa uliendelezwa na watu watatu: Groening, James L. Brooks na Sam Simon, na baada yao uongozi wa uandishi umepita katika mikono mingi. Al Jean na Mike Reiss waliongoza msimu wa tatu na wa nne, David Mirkin wa tano na wa sita, Bill Oakley na Josh Weinstein wa saba na wa nane, Mike Scully kuanzia wa tisa hadi wa kumi na mbili, kisha Jean akarudi. Anayeona ladha ya utani ikibadilika kati ya msimu na msimu anaona mabadiliko hayo ya mikono, hata kama wahusika hawajazeeka siku moja.

Jina moja la mwandishi linaloonyeshwa mwanzoni mwa sehemu nalo linahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwandishi huleta wazo mbele ya wenzake, huchukua maoni yao, huenda kuandika rasimu, halafu rasimu hiyo hurejeshwa chumbani na kupitiwa na kundi zima, mstari kwa mstari, mara nyingi. John Swartzwelder ndiye ambaye jina lake limeonyeshwa mara nyingi zaidi, katika sehemu 59, na alikuja kuruhusiwa kuandikia nyumbani. George Meyer, kwa upande wake, ameandikwa katika sehemu chache mno ukilinganisha na mchango wake, kwa kuwa kipawa chake kilionekana ndani ya chumba, wakati wa kuandika upya miswada ya wengine. Mtu anayehesabu majina pekee atamwona Meyer kuwa mdogo, na hilo ni kosa ambalo linaniuma, maana vichekesho vingi tunavyovikumbuka havina mmiliki anayeweza kutajwa.

Kwamba siku hizi kompyuta ndiyo inayochora

Kompyuta imeingia, lakini mahali ilipoingia panahitaji kubainishwa. Kwa miaka mingi michoro ya The Simpsons ilinakiliwa juu ya karatasi angavu za plastiki, ikapakwa rangi kwa brashi na kupigwa picha moja moja. Upakaji wa rangi kwa kompyuta ulijaribiwa katika sehemu moja ya mwaka 1995 na nyingine ya mwaka 2001, ukawa wa kudumu kuanzia msimu wa 14, mwaka 2002. Kilichobadilika ni rangi na kamera. Uamuzi wa mhusika asimame vipi, bega lishuke kiasi gani anapokata tamaa na jicho ligeuke lini, umebaki kwa mchoraji, awe ameshika penseli au kalamu ya kielektroniki.

Baada ya kurekodi sauti, wasanii walioko Marekani huchora mfuatano wa picha za awali unaoonyesha kila tukio litakavyoonekana, kisha picha hizo huunganishwa na sauti kuwa filamu ya majaribio isiyo na rangi. Waandishi huitazama, na kwa mara nyingine huandika upya, kwani utani uliochekesha mezani unaweza kufa ukionekana. Ndipo michoro mikuu na maelekezo ya kina hutumwa Korea Kusini, ambako studio kama AKOM na Rough Draft zimechora sehemu kubwa ya mfululizo huu. Nashauri msomaji afanye hesabu: sehemu moja, bila matangazo ya biashara, ni kama dakika 22, na dakika 22 kwa fremu 24 (yaani picha moja moja) kila sekunde ni fremu 31,680, na hata mchoro mmoja ukitumika kwa fremu mbili, kama ilivyo desturi katika katuni nyingi za televisheni, bado zinahitajika picha zaidi ya 15,000, baadhi zikiwa na watu watano au sita wanaosogea pamoja. Kazi hiyo yote hupita kwa majina yanayoonekana kwa sekunde chache mwishoni, na watazamaji wengi hawajui kabisa kwamba ilifanyika Seoul.

Picha zikirudi na rangi, bado si mwisho. Yanayokosewa huchorwa tena, na mstari usiofaa huweza kubadilishwa hata wakati huo, hasa pale ambapo mdomo wa msemaji hauonekani au maneno mapya yanalingana na mwendo wa midomo iliyokwisha kuchorwa. Muziki nao huja mwishoni: Alf Clausen, aliyetunga muziki wa mfululizo huu kuanzia mwaka 1990 hadi 2017, alifanya kazi na okestra ya wanamuziki halisi.

Kwamba South Park imethibitisha wengine ni wavivu

South Park, katuni nyingine ya vichekesho ya Marekani iliyoanza Agosti 1997, kwa kawaida huandikwa, kurekodiwa na kukamilishwa ndani ya siku sita, na huo ni ukweli unaostahili kuheshimiwa. Lakini kasi hiyo inalipiwa kwa namna ambazo wanaoisifu huzisahau. Sehemu yake ya kwanza, iliyotengenezwa kwa vipande vya karatasi vilivyosogezwa kidogo kidogo, ilichukua takriban miezi mitatu, na ni baada ya kuhamia kwenye kompyuta, ikihifadhi kwa makusudi sura ileile ya karatasi, ndipo siku sita zilipowezekana. Waanzilishi wake, Trey Parker na Matt Stone, huandika na kuigiza wenyewe sauti nyingi, hivyo maamuzi hayasubiri mtu. Idadi ya sehemu pia ni ndogo: kwa miaka kadhaa zilikuwa 14 kwa mwaka, zikigawanywa katika vipindi viwili vya saba, na kuanzia mwaka 2013 zikashuka hadi 10. Mwezi Oktoba mwaka huohuo umeme ulikatika studioni, na kwa mara ya kwanza walishindwa kuwasilisha sehemu kwa wakati. Mfumo wa miezi tisa unastahimili siku moja bila umeme, ilhali ule wa siku sita haustahimili.

Kwamba katuni hizi hutabiri mambo yajayo

Dhana hii huenea kuliko zote, na inavunjwa na yaleyale niliyoyaeleza. Mwandishi anayejua kwamba utani wake utaonekana baada ya miezi tisa hukwepa habari za wiki hii, badala yake huchukua mwelekeo uliopo na kuukuza hadi uchekeshe. Sehemu ya The Simpsons iliyorushwa tarehe 19 Machi 2000, ambamo Lisa wa siku za baadaye anamtaja Rais Trump aliyemtangulia, iliandikwa wakati Trump alikuwa ameshazungumzia hadharani uwezekano wa kugombea urais, kwa hiyo jina lilikuwa tayari midomoni mwa watu. Ukiwa na sehemu zaidi ya 700 zilizojaa utani wa namna hiyo, baadhi yake zitafanana na habari za kesho, na maelfu yasiyofanana hayasambazwi na mtu yeyote. Ile picha ya Trump akishuka kwa ngazi za umeme huku wafuasi wameshika mabango, ambayo bado husambazwa kama ushahidi wa mwaka 2000, inatoka katika filamu fupi iliyotolewa Julai 2015. Trump mwenyewe alishuka ngazi hizo tarehe 16 Juni mwaka huohuo, na wachoraji waliichora picha hiyo baada ya kuliona tukio lenyewe.