Je, wajua kwa nini pikipiki za kwenye picha karibu zote hutazama kulia?

Tafuta mtandaoni picha za kutundika ukutani zinazosifu pikipiki: Triumph na BSA za Uingereza, Harley-Davidson za Marekani, Honda za miaka ya 1970, Ducati nyekundu. Mitindo ni mingi. Kuna zilizochorwa kwa mistari myembamba kama ramani ya mhandisi, na kuna zilizopakwa rangi tatu bapa bila hata kivuli. Lakini nyingi sana zinafanana kwa jambo moja: pikipiki imetuonyesha ubavu wake wa kulia, na taa yake ya mbele inaelekea mkono wa kulia wa anayetazama. Hata zile zinazofika kwetu Goma, Kongo, kwa simu, zikachapwa upya kwenye turubai la plastiki kwa ajili ya ukuta wa garaji au baa, huwa hivyo hivyo.

Kwa nini? Jibu liko kwenye parkingi yoyote ya wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, iwe mtaa wa Birere au Majengo. Tazama pikipiki za Boxer na TVS zilizopangwa pale. Stendi ya pembeni iko kushoto, kwa hiyo kila chombo kimelalia kushoto. Ubavu wa kushoto umeinamia chini, una kivuli, na chuma cha stendi kimechomoza. Ubavu wa kulia umeinuka kuelekea juani, na ukipanguswa vumbi letu la volkano unang'aa kuanzia tangi hadi rimu. Mpiga picha hahitaji kushauriwa asimame wapi. Na kwa kuwa wachoraji wengi wa pikipiki huanzia kwenye picha za katalogi, ubavu aliouchagua mpiga picha ndio unaoishia ukutani. Mchoraji huongeza ujanja wake kidogo: anaisimamisha wima, ananyoosha usukani, anafuta stendi, na pikipiki inabaki imesimama yenyewe bila kushikwa na kitu.

Stendi nayo ilifikaje kushoto? Maelezo yanayotolewa mara nyingi huanza na farasi. Askari anayetumia mkono wa kulia alivaa upanga kiunoni upande wa kushoto, hivyo alipanda farasi kutokea kushoto ili upanga usimzuie kurusha mguu wa kulia. Desturi ikaendelea kwenye baiskeli, kisha kwenye pikipiki: ukipandia kushoto, ni vyema stendi iwe pale pale karibu na mguu wako. Pikipiki ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1885 kwa fremu ya mbao, haikuwa na shida hiyo. Ilikuwa na vigurudumu viwili vidogo pembeni vya kuizuia isianguke.

Sababu ya pili ni vyuma vyenyewe. Kwenye pikipiki nyingi cheni iko kushoto, na cheni ni kitu cha grisi, kinachofunikwa na bati. Ekzosi, yaani bomba la moshi, iko kulia. Abiria wa Goma wanalijua hilo kwa ngozi yao. Kwetu magari hupita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo pikipiki ikisimama, ukingo uko kulia, na miguu inataka kushukia huko huko kwenye bomba la moto. Ndiyo maana motari mwangalifu husema, "Mama, shukia huku," akionyesha kushoto. Uingereza, Japani na India, zilikotengenezwa au zinakotengenezwa nyingi ya pikipiki hizi, watu huendesha upande wa kushoto. Huko ekzosi ya kulia hukaa mbali na anayeshukia ukingoni. Sisi tumepokea chombo kilichofuata barabara za watu wengine, na mashavu ya miguu yetu yanalipa gharama.

Kwa mchoraji, hata hivyo, ekzosi ni zawadi. Ni mstari mrefu unaotoka kwenye injini, unapinda, unapita chini ya miguu na kumalizikia kando ya gurudumu la nyuma, ukiipa picha mwendo hata kama chombo kimesimama. Chukua Honda CB400F ya mwaka 1975. Ina silinda nne, na mabomba yake manne yanateremka mbele ya injini yakilala yote pamoja kuelekea kulia, kisha yanaungana kuwa moja. Ukiichora kutoka kushoto umeitupa nusu ya uzuri wake. Sijaona bomba la moshi lililopendwa na wachoraji kuliko hilo.

Triumph Bonneville, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, ina hadithi tofauti kidogo, maana mabomba yake yako mawili, moja kila upande. Lakini kulia kwa injini kuna kifuniko cha alumini chenye umbo la pembetatu, kilichosuguliwa mpaka kikawa kioo, na hicho ndicho macho ya wapenzi wake hukitafuta kwanza. Pedali ya gia nayo ilikuwa kulia enzi hizo. Ilihamia kushoto katikati ya miaka ya 1970, baada ya Marekani kutaka pikipiki zote zinazouzwa huko zifuate mpango mmoja. Kwa hiyo ukiona picha ya Triumph ya zamani yenye gia kushoto, mchoraji amechanganya miaka.

Harley-Davidson zinazochorwa sana huweka kichujio cha hewa na mabomba kulia. Ducati 916 ya mwaka 1994, kazi ya Massimo Tamburini, ilificha ekzosi chini ya kiti, na gurudumu la nyuma likashikwa na mkono mmoja tu wa alumini ulioko kushoto. Ukiitazama kutoka kulia unaliona gurudumu zima, kana kwamba halijashikwa na chochote. Hiyo 916 ilikuwa miongoni mwa pikipiki zaidi ya 100 zilizowekwa katika jumba la sanaa la Guggenheim, New York, mwaka 1998. Baadhi ya wahakiki walinuna, wakiuliza mashine za barabarani zinatafuta nini humo, lakini watu zaidi ya 300,000 walikwenda kuzitazama.

Kuna kichekesho kwenye baiskeli. Nazo hupigwa picha ubavu wa kulia, ila kwa sababu iliyopinduka: cheni ya baiskeli iko kulia, na kwa baiskeli cheni na meno yake ndiyo fahari yenyewe.

Ongeza jicho la msomaji. Tunaoandika kutoka kushoto kwenda kulia tumezoea kuona kitu kinachoelekea kulia kama kinachosonga mbele. Tafiti za saikolojia zimeona mwelekeo huo ukipungua au kugeuka kwa watu waliozoea kusoma Kiarabu. Sijui mwandishi wa pwani wa zamani, aliyeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, angeitundika Bonneville ikitazama wapi.

Zipo zinazokataa kanuni. BMW R32 ya mwaka 1923 ina silinda moja kila upande na haina cheni. Honda CB750 ya mwaka 1969 ina mabomba mawili kila upande. Na chukudu chetu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, hata kile cha rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara hapa mjini, hakina injini ya kukipa upande wa kujivunia. Kichore kikitazama popote.

Jambo la mwisho ni la mfukoni. Mwenye studio ya kuchapa akiambiwa kwamba picha itakaa kushoto kwa mlango, huweza kuigeuza kwa kompyuta ili pikipiki iangalie ndani, halafu akafuta maandishi ya tangi yaliyosomeka kinyume. Kabla ya kulipa, tafuta cheni. Kwenye Boxer au TVS ikiwa imehamia kulia na ekzosi imekwenda kushoto, umeuziwa kivuli cha kwenye kioo. Na ukiona cheni pande zote mbili, au bomba linaloanzia kwenye injini na kupotelea hewani, huenda hiyo imetungwa na programu ya akili bandia. Mdai akupunguzie bei.