Si kweli kwamba kila prosesa hutumia kurasa za kilobaiti 4 tu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: eti kila kompyuta hugawa kumbukumbu kwa kurasa (vipande vya saizi sawa) za kilobaiti 4, na ukiwasha "kurasa kubwa" RAM inaongezeka. Yote mawili si sahihi.

Prosesa za x86 (familia ya Intel na AMD) za biti 64 hukubali kilobaiti 4 na megabaiti 2, nyingi pia gigabaiti 1. Za ARM (familia iliyo kwenye simu nyingi) za biti 64 zina kilobaiti 4, 16 au 64, kutegemea prosesa na mfumo endeshi. Mkanganyiko unaeleweka: kilobaiti 4 ni saizi ya msingi ya x86 tangu prosesa ya Intel 80386 ya mwaka 1985.

Kwenye Linux, andika amri getconf PAGESIZE kwenye terminali; jibu la 4096 ni kilobaiti 4, 16384 ni 16. Hiyo ni saizi ya msingi tu, kwa hiyo tazama pia mstari wa Hugepagesize (saizi ya kurasa kubwa) ndani ya faili /proc/meminfo.

Ukurasa mkubwa wa megabaiti 2 hushika nafasi ya kurasa 512 za kilobaiti 4, hivyo prosesa hutafsiri anwani (kutafuta data ilipo kwenye RAM) kwa kazi pungufu. Hifadhidata kubwa hunufaika. RAM haiongezeki hata baiti moja. Tena ukitenga kurasa 1,024 za aina hiyo, gigabaiti 2 zinafungiwa, na programu za kawaida hazizipati hata zikielemewa. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.