Raketi ghali haikufundishi padeli

"Padeli ni mchezo wa matajiri, raketi peke yake inamaliza mshahara." Anayesema hivi mara nyingi tayari ameshika raketi ya bei kuliko zote dukani, na bado hajajua kupokea mpira unaorudi kutoka kwenye kioo. Padeli ni mchezo unaofanana na tenisi, ila kiwanja ni kidogo na kimezungushiwa kuta, nyingi za kioo, ambazo mpira hugonga na kurudi mchezoni.

Raketi ghali haimwinui anayeanza, inamchelewesha. Nyingi za bei ya juu zina umbo la almasi: uzito umeegemea kichwani, na sehemu inayopiga vizuri ni ndogo, tena iko juu. Uso ni kaboni ngumu. Mchezaji fundi anapata nguvu humo. Mgeni anapiga kwa ukingo, mpira unakufa, mtikisiko wote unaishia kwenye kiwiko. Kano zikianza kuuma, unakaa nje wiki kadhaa huku unamlipa daktari. Unachotaka ni umbo la duara, uso wa faibaglasi, sponji laini ndani, uzito wa gramu 350 hadi 365 hivi. Hiyo kwa kawaida iko rafu ya chini. Hata hiyo usiikimbilie: kodi raketi za klabu mara tano au sita, ubadilishe uzito, ndipo ununue.

Mtumba nao una mitego. Kagua nyufa kwenye fremu, kisha gongagonga uso kwa kidole ukizunguka. Pakitoa mlio mfu au pakibonyea, acha. Raketi ya padeli haina nyuzi za kufunga upya kama ya tenisi. Sponji ikichoka, imekwisha. Na jamani, msiziache ndani ya gari juani!

"Kiwanja ni ghali." Gawanya kwanza. Padeli huchezwa na wanne. Tuseme saa moja ni shilingi 4,000 za Kenya: kila mmoja anatoa 1,000. Kinachoumiza mfuko ni yule wa nne anayeghairi dakika ya mwisho, maana watatu mnabaki na 1,333 kila mmoja na mchezo haunogi. Muwe na mtu wa akiba. Ulizieni pia bei ya mchana wa siku za kazi.

"Viatu vya kukimbia vinatosha." Hapa ndipo pa kutoa pesa. Soli ya viatu vya kukimbia ni nene na laini, na padeli ni kukata kona kila dakika, juu ya nyasi bandia zenye mchanga. Kifundo kinapinda. Tafuta soli bapa yenye mistari ya zigizaga. Viatu vya tenisi ya viwanja vya udongo vinafaa.

"Mipira ya tenisi ni ileile." Inafanana kwa macho, lakini ya padeli ina presha pungufu kidogo. Kopo la mitatu nunueni kwa zamu. Kupima, angusha mpira kutoka mita 2.54 kwenye sakafu ngumu: mzima huruka sentimita 135 hadi 145. Ukiishia chini sana ya hapo, mpe mbwa, kwani utakuzoesha kusubiri mpira usiofika kiooni.