Kamomili: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba kila ua dogo lenye petali nyeupe na kitovu cha manjano ni kamomili, mmea ambao maua yake hutengenezwa chai ya dawa. Yapo magugu kadhaa ya jamii hiyohiyo ya alizeti yanayofanana nayo mno, na mojawapo, Anthemis cotula, lina harufu mbaya na utomvu unaoweza kuwasha ngozi ya mchumaji. Ukiyatazama kutoka juu hutayatofautisha. Chuma ua moja lililokomaa, ulipasue kwa wembe kuanzia juu hadi kwenye kikonyo, kisha uchunguze ndani ya kitovu: kamomili halisi, Matricaria chamomilla, ina kitovu kilichochongoka kama pia na chenye uwazi ndani, ilhali cha magugu hayo kimejaa. Lifikiche kati ya vidole, nalo litatoa harufu tamu inayokaribia ya tofaa. Asiyeziona alama zote mbili, namsihi asichume.

Wengine huung'oa mmea mzima wakidhani kila sehemu ni dawa. Kinachotumika hasa ni vichwa vya maua, navyo huchumwa petali zikiwa zimetandaa na umande umekwisha kukauka. Ua lililozeeka humeguka vipandevipande likikaushwa. Kuyaanika kwenye jua kali nako ni kosa, kwa sababu mafuta yanayobeba harufu na sehemu ya nguvu ya dawa huruka upesi, na ndiyo maana maua hutandazwa kivulini penye hewa. Kwa sababu hiyohiyo hayachemshwi: humiminiwa maji ya moto, kikombe kikafunikwa kwa dakika 5 hadi 10.

Je, chai hiyo hutibu wasiwasi? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliona nafuu ya kadiri kwa wagonjwa wa wasiwasi, lakini waliwapa vidonge vya dondoo ya kamomili iliyopimwa, si chai. Kikombe cha jioni huweza kutuliza. Hakichukui nafasi ya matibabu.

Hatimaye, husemwa kuwa kitu cha asili hakidhuru. Mwenye mzio wa chavua za jamii ya alizeti anaweza kupata athari kali. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kwanza, kwani mwaka 2006 jarida la chama cha madaktari wa Kanada lilieleza habari za mgonjwa aliyevuja damu ndani ya mwili baada ya kuchanganya dawa hiyo na kamomili.